Kiwanda Kinachouza Ng'ambo Kinanunua Nini Hapa?

Bonde la Mto Mwega, katika kata ya Malolo, liko ukingoni kabisa mwa wilaya ya Kilosa, pale Morogoro inapopakana na Iringa. Milima ya Rubeho iko kaskazini, Udzungwa kusini, na katikati ni joto, mibuyu na vitunguu. Maji ya Mwega hukingwa kwenye banio, huingia mfereji mkuu, hugawanywa kwenye mifereji midogo na kuishia katika majaruba ya mkulima ambaye jimbo lake la uchaguzi ni Mikumi na soko lake ni Dar es Salaam. Vitunguu vikishang'olewa na kukatwa mikia hujazwa kwenye mifuko ya nyavu hadi lumbesa, midomo hushonwa kwa kamba ya nailoni, na mzigo hushushwa hadi barabara kuu ya Tanzam.

Barabara ile haipumziki. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hushuka kuelekea bandarini. Yapo yaliyobeba roli kubwa za karatasi ya kahawia kutoka Mgololo, chai ya Mufindi na Njombe, mbao na nguzo za umeme za nyanda za juu. Kutoka Dar es Salaam hupanda mafuta, mbolea, mabati na makontena. Sehemu kubwa ya biashara ya nje ya nchi yetu na ya jirani zetu hupita jirani na majaruba ya Malolo bila kusimama. Ndiyo maana hapa ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza jambo ambalo huulizwa zaidi kwenye kumbi za mikutano: kiwanda kinachoshona, kinachosindika au kinachosokota mali ya kupeleka ng'ambo kinamfikiaje mtu wa ndani? Malolo hakuna jengo la kiwanda la kumvuta mtu macho. Kuna mkulima, mto na barabara, na kila uhusiano unaosemwa upo lazima uonekane katika maisha ya mkulima huyo, la sivyo haupo.

Uhusiano mmoja anao kila siku bila kuuona, nao ni dola. Petroli ya pampu yake ya maji, dawa ya kuua wadudu, mbolea nyingi na hata mbegu anazopenda hununuliwa nje ya nchi kwa fedha za kigeni. Kati ya mwaka 2023 na 2024 dola ziliadimika nchini, waagizaji wakahangaika kwenye mabenki, na uhaba ule ukashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye duka la pembejeo la kijijini. Nchi inayouza bidhaa nyingi za viwandani nje hupunguza balaa la namna hiyo. Hoja hii wachumi wa serikali huipenda, na ni hoja ya kweli.

Ila dola ya kiwandani ina tabia ya kurudi ilikotoka. Tuchukue mfano wa kubuni: fulana inauzwa Marekani kwa dola 5 bandarini. Kitambaa, uzi, lastiki na lebo vimenunuliwa Asia kwa dola 3 na nusu. Kilichobaki nchini ni dola moja na nusu, na humo humo mna mshahara, umeme, lori la kwenda bandarini na faida ya mwenye mtaji, ambaye ana haki ya kuihamishia kwao. Takwimu za mauzo ya nje zitaandika 5. Waziri atasoma 5. Uchumi wa ndani umegusa moja na nusu, pengine chini ya hapo. Hakuna aliyedanganya, lakini anayepanga sera kwa kutazama tarakimu ya kwanza tu atajenga juu ya mchanga.

Uhusiano mwingine ni wa maji. Mwega humwaga maji yake Ruaha Mkuu, chini ya bwawa la Mtera na juu ya Kidatu, ambako mitambo yenye uwezo wa megawati 204 imekuwa ikizungushwa na mto huo tangu mwaka 1975. Kila lita inayoishia katika jaruba la kitunguu ni lita ambayo haikufika Kidatu, na kila lita inayoachwa ipite huenda kuwasha taa na cherehani za watu wengine. Mkulima wa Malolo na mshonaji wa Morogoro wanatumia mto mmoja, ingawa hawajawahi kukaa meza moja kuujadili. Nalitaja hili kwa sababu tunapohesabu gharama za kiwanda cha kuuza nje huwa tunahesabu ardhi, kodi na mishahara, na kumsahau aliye juu ya mto.

Tukitoka Malolo kwenda Morogoro mjini tunafika kwenye mji ambao umejaribu karibu kila namna ya kiwanda cha kuuza nje. Mwaka 1975 Serikali ilipitisha Mkakati wa Viwanda vya Msingi, na Morogoro ikajazwa viwanda: ngozi, viatu, magunia, turubai, nguo za polista, vyombo vya udongo. Kati ya hivyo vyote, cha viatu ndicho kilichoingia kwenye vitabu vya uchumi vya dunia, kwa sababu ya huzuni.

Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Uwezo wake kwenye michoro ulikuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, katika nchi ambayo sensa ya 1978 iliihesabia watu milioni 17.5. Mpango ulikuwa kulishibisha soko lote la ndani, kisha takriban robo tatu ya viatu ipelekwe Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa kabisa. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji wa joto kama Morogoro. Katika uhai wake wote kiwanda hakikuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, yaani jozi 160,000 hivi kwa mwaka. Mwaka 1990 uzalishaji ulisimama.

Simulizi hii husimuliwa sana kama kisa cha mashine nzuri kuwekwa mahali pabaya. Naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa nje ya geti. Kiatu cha kuuza Ulaya huanza na ngozi ya juu isiyo na doa, na ngozi hiyo huanza na ng'ombe. Kilosa ni wilaya ya wafugaji. Parakuyo na Twatwatwa ni vijiji vinavyojulikana kwa mifugo. Hebu itandaze chini ngozi ya ng'ombe wa kawaida wa malisho yale uitazame kwa karibu. Ubavuni kuna chapa ya moto, pana kama kiganja, mahali hasa ambapo fundi wa viatu angekata kipande chake kikubwa. Shingoni kuna mikwaruzo ya miiba. Tumboni kuna vidoa vya kupe. Na huku na huku kuna matundu ya kisu, kwa sababu mchunaji hulipwa kwa ng'ombe aliyemmaliza na hakuna anayemlipa kwa ngozi aliyoitoa salama. Mfugaji naye ameuza nyama. Ngozi kwake ni kama zawadi kwa mnunuzi. Kwa nini aache kupiga chapa ubavuni, aipige mguuni, ikiwa bei ni ile ile?

Hapo ndipo kiungo kilipokosekana. Kiwanda kilikuwa na mikanda ya kupitishia viatu, lakini hapakuwa na bei inayotoka kiwandani, ikapita kwa mtengeneza ngozi, ikapita machinjioni, ikamfikia mfugaji wa Parakuyo ikimwambia kwamba ubavu safi una fedha. Gundi, soli, kemikali za kulainishia ngozi na vipuri vilitakiwa kuagizwa. Miaka ya mwanzo ya 1980 nchi ilikuwa haina fedha za kigeni, na viwanda vingi vilifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Kiwanda kilichojengwa ili kilete fedha za kigeni kilihitaji kwanza kupewa fedha za kigeni ili kiamke asubuhi.

Mchumi Albert Hirschman alieleza jambo hili mwaka 1958: thamani ya kiwanda iko pia katika viungo vyake, yaani vya nyuma kwa wanaokiuzia na vya mbele kwa wanaokitumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hakikuwa kimelala. Mwaka 1973 Justinian Rweyemamu alichapisha kitabu chake juu ya viwanda na udumavu wa uchumi wa Tanzania. Mwaka uliofuata Clive Thomas, Mguyana aliyefundisha hapo, alitoa chake, akidai kwamba nchi ndogo maskini itaendelea pale tu rasilimali inazozalisha zitakapokutana na mahitaji ya watu wake. Kwa hoja yake, mauzo ya nje yawe ziada ya kile ambacho nchi imezoea kujitengenezea. Viatu vya Morogoro vilipangwa miaka michache tu baadaye. Kama michoro ile ingeanzia kwenye machinjio ya Kilosa na viatu vya wanafunzi wa Kilosa, pengine historia yake ingekuwa nyingine.

Na jambo hilo halijaisha. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ya pili Afrika baada ya Ethiopia. Ili kulazimisha ngozi zisindikwe nchini, Serikali iliweka ushuru wa kuuza nje ngozi mbichi, na wakati fulani ukafika asilimia 80. Nia ilikuwa njema. Lakini viwanda vya kusindika vilikuwa vichache na dhaifu, bei ya ngozi ikaanguka, na kwenye machinjio mengi ngozi zikawa zinatupwa kwa kukosa mnunuzi. Kufunga mlango wa nje hakufungui wenyewe mlango wa ndani.

Mkonge una historia ndefu kuliko viatu, nao ndio uliochora ramani ya Kilosa. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Reli ya Kati ilipofika Kilosa mwaka 1909, tambarare za wilaya zikafunguka kwa mashamba makubwa: Kimamba, Rudewa, Msowero na mengine. Mkonge si zao la kukata na kusafirisha tu. Jani lisipofika mapema kwenye korona, yaani mashine ya kulikwangua, huharibika, kwa hiyo kila shamba lilikuwa pia kiwanda: korona, kamba za kuanikia singa, brashi, mashine ya kufungia marobota. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, na Tanganyika ilikuwa imekwishajulikana duniani kama nchi ya mkonge.

Singa zilikwenda ng'ambo zikiwa singa. Kamba zilisokotwa Uingereza, Ulaya na Marekani. Wapo waliojaribu kubadili hilo mapema. Miaka ya 1930 wenye mashamba wachache walianzisha kiwanda cha kamba Tanga, na kufikia katikati ya muongo huo kilikuwa kikiuza kamba Uingereza kwa bei ya kushindana. Wenye viwanda vya kamba wa Uingereza wakapiga kelele, wakaenda kwa serikali yao, na Wizara ya Makoloni ikakibana kiwanda hicho kwa tishio la ushuru hadi kikafungwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kilipofungwa, walioumia hawakuwa wenye hisa peke yao. Palipotea mahali ambapo vijana wa Kitanganyika wangejifunza kusokota, kutengeneza mashine na kutafuta wateja zaidi ya miaka 20 kabla ya uhuru.

Hata hivyo mashamba hayo yaliigusa nchi, na yaligusa mahali ambapo wapangaji hawakupapangia. Manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Iringa, Msumbiji na Ruanda-Urundi walihitaji kula. Posho ilikuwa unga na maharage kila wiki, na wakulima waliozunguka mashamba walipata soko la mahindi ambalo halikuwahi kuwapo. Wenyeji wengi wa maeneo hayo waliona heri kulima chakula na kuuza kuliko kukata mkonge wenyewe. Kwa hiyo uhusiano wa kwanza mpana kati ya kiwanda cha kuuza nje na mkulima wa Kilosa ulipitia tumboni mwa kibarua. Mishahara ilikuwa duni na makambi yalikuwa ya aibu, na familia nyingi ziliachwa mbali, kwa hiyo fedha nyingine zilirudi Kigoma na Songea, na nyingine ziliishia kwenye duka la shamba. Lakini mahindi yalilimwa, mikokoteni ikatembea, na vimiji vya kando ya reli vikakua.

Kisha bei ikaanguka. Kamba za plastiki zikaingia kwenye mashamba ya ngano ya Ulaya na Marekani, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, uendeshaji ukazorota, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Sehemu kubwa ya mkonge wa Kilosa ikageuka pori, na pori likageuka chanzo cha ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji ambao wilaya hii imeulipia kwa damu.

Na sasa turudi kwenye mfuko wa vitunguu. Morogoro kulijengwa kiwanda cha magunia ya mkonge, ambacho baada ya ubinafsishaji kiliingia mikononi mwa kundi la MeTL. Wazo lilikuwa sahihi: singa za Kilosa na Tanga zisokotwe Morogoro, ziwe magunia ya kahawa, korosho na nafaka, ndani na nje. Ni kiungo cha nyuma kwa mkulima wa mkonge na cha mbele kwa mkulima wa kila kitu kingine. Lakini kitunguu kinataka hewa, na mfuko wa nyavu ni mwepesi na wa bei nafuu, hivyo Malolo inafungasha kwa plastiki ambayo chembechembe zake, hata mfuko ukifumwa Dar es Salaam, zimetoka nje. Simlaumu mkulima, anatumia kinachomlipa. Nasema tu kwamba wilaya iliyowahi kulala katikati ya mkonge leo inashona mdomo wa mfuko wake kwa nailoni ya kuagizwa, na hilo ni jambo la kupewa uzito na taasisi zote za utafiti wa viwanda tulizo nazo. Kufuma kwa mkonge mfuko wenye matundu, mwepesi wa kutosha kwa kitunguu, ni kazi ya uhandisi inayowezekana kujaribiwa.

Kiwanda cha sasa kinachotajwa zaidi Morogoro katika habari za kuuza nje ni Mazava, kinachoshona nguo za michezo kwa soko la Marekani na kuajiri watu kwa maelfu, wengi wao wanawake vijana. Kazi ya viwanda vya aina hii inafanana popote duniani. Fulana haishonwi na mtu mmoja. Huyu anaunganisha mabega, anayefuata anapachika mkono, wa tatu anapiga overloki ubavuni, wa nne anakunja upindo, mwingine anakata nyuzi zilizoning'inia, mkaguzi anaigeuza ndani nje, halafu pasi, lebo ya bei, mfuko, boksi. Laini moja ikikwama, supavaiza anajua ni cherehani ipi. Nidhamu ya muda na ya ubora inayojengwa pale haipatikani darasani.

Viwanda hivi vimesimama juu ya sheria ya Marekani ya AGOA, iliyotiwa saini Mei 2000, ambayo iliruhusu nguo za nchi za Afrika kuingia bila ushuru. Ndani yake mna kifungu muhimu kuliko vyote kwa habari yetu: nchi maskini zaidi ziliruhusiwa kutumia kitambaa kilichotoka popote. Kifungu hicho ndicho kilicholeta viwanda, na ndicho kilichokata kamba kati ya viwanda hivyo na mashamba ya pamba. Kontena la kitambaa linatoka Asia, linapanda Morogoro, linarudi bandarini likiwa nguo. Muda wa AGOA ulifika mwisho Septemba 30, 2025, na hatima yake ikabaki mikononi mwa Bunge la Marekani. Ethiopia ilikwishaonja hali hiyo: ilipoarifiwa kuondolewa kuanzia Januari 2022, kampuni ya nguo ya PVH ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Hawassa hata kabla ya siku kufika. Cherehani huhamishika. Shamba la pamba, kiwanda cha kuchambua na mtambo wa kusokota nyuzi havihamishiki upesi hivyo.

Uchungu ni kwamba pamba si ngeni Kilosa. Kituo cha Ilonga, kilometa chache kutoka mjini Kilosa, kilianza miaka ya 1940 kikiwa kituo cha utafiti wa pamba, na mbegu zake zilipandwa ukanda wote wa mashariki. Leo Ilonga inajulikana zaidi kwa mahindi na mikunde, na pamba ya mashariki imebaki kidogo sana ikilinganishwa na ya Usukumani. Ya Usukumani nayo, zaidi ya asilimia 70 huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu. Kwa hiyo nchi inauza pamba na kununua kitambaa, kisha inauza nguo. Sunflag ya Arusha, inayofanya kazi tangu miaka ya 1960, imeonyesha kwamba nyuzi, kitambaa na nguo vinaweza kutoka chini ya paa moja nchini mwetu, na ikauza hata Marekani. Kinachozuia wengine ni umeme wa uhakika, mtaji mkubwa wa mtambo wa kusokota na kutia rangi, na maji safi ya kutosha.

Basi kiwanda cha kushona kimeunganikaje na ndani? Kwa mshahara. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya viwanda na biashara. Mshahara wa namna hiyo ni mdogo, nao unakwenda wapi? Chumba cha kupanga. Bodaboda. Kutuma nyumbani kwa simu. Na chakula cha mchana kwa mama lishe nje ya geti: wali, maharage, mchicha, na kachumbari ambayo kitunguu chake kinaweza kabisa kuwa kimepita Tanzam. Hapo Malolo imefikiwa. Kiungo hiki ni chembamba, lakini kinanenepa kadiri mshahara unavyopanda, na ndiyo maana siafiki kauli kwamba mishahara ya chini ndiyo faida yetu ya kushindana. Kiwanda ambacho hakinunui pamba wala uzi wala vifungo hapa, kisha kikalipa kwa kubana, kimeugusa uchumi wa ndani kwa ncha ya kidole.

Ujuzi ni kiungo kingine, na hapa Bangladesh inafundisha kuliko mihadhara. Mwaka 1979 kampuni ya Desh iliwapeleka wafanyakazi 130 Korea Kusini, kwenye kiwanda cha Daewoo, wakajifunze kushona nguo za kuuza nje. Katika miaka michache iliyofuata 115 kati yao walikuwa wameondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au wakaendesha vya wengine. Desh iliwapoteza; Bangladesh iliwapata. Tujiulize kwa Morogoro: supavaiza aliyeongoza laini kwa miaka 8, akijua kupanga mashine 30 na kupima dakika za kila mshono, akitaka kuanzisha karakana ya sare za shule Mikumi au Kilosa, atapata wapi mkopo wa mashine 10, na halmashauri itampa zabuni? Sare za shule hazihitaji AGOA. Watoto wa Kilosa wanavaa kila siku ya Mungu.

Sheria yetu ya maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje ilitungwa mwaka 2002. Ilitaka angalau asilimia 80 ya bidhaa iuzwe nje, na ilimpa mwekezaji msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Mwaka 2025 mamlaka iliyosimamia maeneo hayo iliunganishwa na Kituo cha Uwekezaji ikawa TISEZA. Taasisi mpya ina nafasi ya kuuliza kipya. Masharti yamekuwa yakipima kinachotoka bandarini. Sijaona sababu ya kutompima mwekezaji pia kwa kile anachonunua ndani, mwaka hadi mwaka, na kukitangaza hadharani: maboksi, uzi, chakula cha kantini, ukarabati wa mashine, usafiri. Maboksi yawe mahali pa kuanzia. Ile karatasi ya kahawia ya Mgololo inayopita karibu na Malolo ndiyo inayotengenezewa maboksi. Kila fulana inayokwenda Marekani inaingia ndani ya boksi. Kuuliza limetengenezwa wapi ni swali dogo lenye jibu la haraka. Simaanishi kulazimisha; Mauritius ilianza eneo lake la kuuza nje mwaka 1970 kwa malighafi ya kuagiza, na ikachukua miaka mingi ya subira, mikopo na mafunzo hadi nyuzi nyingi zikasokotwa kisiwani. Lakini ilijua inakoelekea.

Treni ya SGR sasa inapita Kilosa, na Serikali imekwishaitaja wilaya hii miongoni mwa zile za kufufua mkonge. Mche wa mkonge huchukua kama miaka mitatu kabla ya jani la kwanza kukatwa. Huo ndio muda uliopo wa kuamua kama singa za miche inayopandwa leo zitapanda behewa zikiwa marobota, kama zilivyopanda zamani kwenye Reli ya Kati, au zitasimama kwanza Morogoro, kwenye mashine za kusokota ambazo tayari zipo na mikononi mwa watu ambao tayari wanajua kazi ya kiwandani.